Mazimbu na Makaburi Yake

Solomon Kalushi Mahlangu alinyongwa Pretoria alfajiri ya tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Ndugu zake walitaka kumzika Mamelodi alikokulia. Polisi wakaogopa umati, wakaupeleka mwili Atteridgeville, upande wa pili wa mji, na huko ndiko alikofukiwa. Ilipita miaka 14 kabla ya mifupa yake kurudishwa Mamelodi, tarehe 6 Aprili 1993. Muda wote huo, wakati kaburi lake mwenyewe likiwa mahali ambapo mama yake hakupachagua, jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye shule iliyojengwa ndani ya shamba la mkonge lililokwisha kutelekezwa, Mazimbu, kilomita chache kutoka Morogoro mjini. Na karibu na shule hiyo kulikuwa na makaburi.

Makaburi hayo yapo hadi leo, ndani ya eneo ambalo sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wamelala humo Waafrika Kusini waliofariki uhamishoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi chama chao, ANC, kilipofungasha virago mwaka 1992: vijana, wazee, na watoto ambao hawakuwahi kuiona nchi ya wazazi wao. Nadhani Watanzania wengi wa rika la chini ya miaka 40 hawajui habari zao, na wanaozijua huwa wanazisimulia kama historia ya Afrika Kusini iliyopitia kwetu. Mimi naziona ni historia ya Mazimbu. Kijiji kilichochimba kaburi kina haki na maiti iliyomo, na kina la kusema inapofika siku ya kuifukua.

Ardhi yenyewe ilikuwa imezoea wageni kabla ya hao. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasimuliwa kwamba katika shehena aliyoagiza kutoka Florida ni miche 62 tu iliyofika pwani ikiwa hai. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, mashamba yakatambaa kando yake, chini ya milima ya Uluguru. Waluguru wenyewe hawakuupenda mkonge. Walikuwa na mashamba yao mlimani, ardhi ya ukoo inayorithiwa kwa upande wa mama, na mtu mwenye shamba lake haoni sababu ya kwenda kukata majani yenye miiba kwa ajili ya posho. Kwa hiyo wenye mashamba walileta watu kutoka mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Hao ndio manamba. Walikaa kambini, wakahesabiwa kwa vipande vya kazi, wakakata mkonge, wakaulisha kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata, wakaanika singa juani. Waliofia shambani walizikwa shambani, na aliyepita baadaye hakuwa na namna ya kujua huyu alikuwa nani kwa mama yake.

Kisha nyuzi za nailoni zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, na kufikia miaka ya 1970 mashamba mengi yalikuwa yamegeuka pori. Mazimbu lilikuwa mojawapo. Yalibaki majengo machache ya zamani yaliyochakaa, na mkonge uliojiotea wenyewe kati ya nyasi.

ANC haikuja Morogoro kwa mara ya kwanza ilipopewa shamba hilo. Chama kilipigwa marufuku kwao tarehe 8 Aprili 1960, siku chache baada ya mauaji ya Sharpeville, na mmoja wa viongozi wake, Oliver Tambo, alikuwa amekwisha kutumwa nje kukijenga upya. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru lakini mlango wa TANU ulikuwa wazi. Mwaka 1964 wapiganaji wa ANC walikuwa wamekwisha kupiga kambi Kongwa, Dodoma, kwenye nchi kavu iliyoachwa na mradi wa Waingereza wa karanga. Baadaye ofisi kuu ya chama ikahamia Morogoro, mji mdogo, ulio mbali na macho ya majasusi wa bandarini. Hapo, kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, ulifanyika mkutano ambao wanahistoria wa Afrika Kusini wanauita kwa jina moja tu, Morogoro. Ulitokana na manung'uniko ya askari waliochoka kukaa kambini bila kwenda vitani, na mojawapo ya maamuzi yake lilikuwa kuwafungulia uanachama wa ANC, kwa upande wa nje ya nchi, watu wasio Waafrika weusi. Tangu siku hiyo Mhindi, Chotara na Mzungu waliweza kuwa wanachama kamili uhamishoni.

Miongoni mwa walioingizwa kwenye Baraza la Mapinduzi lililoundwa Morogoro alikuwa Joe Slovo, Myahudi aliyezaliwa Lithuania na kupelekwa Afrika Kusini akiwa mtoto. Hakuwa peke yake. Eli Weinberg, mpiga picha aliyempiga Mandela picha ile mashuhuri akiwa amevaa shanga za Kithembu mwaka 1961, naye alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Libau, mji wa bandari wa Latvia. Alifika Afrika Kusini mwaka 1929. Ndugu zake waliobaki nyuma waliuawa na Wanazi. Wayahudi wa Libau walipigwa risasi kwa maelfu kwenye michanga ya pwani ya Šķēde mwezi Disemba 1941 na kufukiwa kwenye handaki moja refu. Mwaka 1976 chama kilimwagiza Weinberg atoroke Afrika Kusini, akaja kwetu, na akafariki Dar es Salaam mwaka 1981. Ninamtaja kwa sababu mtu wa namna hiyo alijua vizuri kuliko wengi thamani ya kaburi moja, la mtu mmoja, lenye jina.

Mwaka huohuo wa 1976 ndio uliozaa Mazimbu tunayoizungumzia. Tarehe 16 Juni wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawafyatulia risasi, na kwa miezi iliyofuata maelfu ya vijana wakavuka mipaka kuingia Swaziland, Botswana na Msumbiji. Wengi walitaka bunduki. Wengine walikuwa wadogo mno kupewa bunduki, na chama kikajikuta na watoto wa watu mikononi. Kikaiomba Tanzania mahali pa kujenga shule. Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo alikuwa Anna Abdallah, na ni yeye anayekumbukwa kwa kulitoa shamba la Mazimbu. Hiyo ilikuwa mwaka 1977. Mwaka uliofuata masomo yalianza, na baada ya kunyongwa kwa Mahlangu shule ikapewa jina lake: Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, au SOMAFCO kama kila mtu wa Morogoro alivyozoea kusema.

Kilichojengwa pale kilikuwa mji kamili. Walianza kwa kukarabati majengo ya mkonge, wanafunzi wenyewe wakifyeka, wakichimba, wakibeba matofali baada ya vipindi. Fedha zilitoka Sweden, Norway, Denmark, Uholanzi na kwingineko, walimu wakatoka pande zote za dunia, wakiwemo wa Ujerumani Mashariki. Yakasimama madarasa, mabweni, maktaba, shule ya msingi, kituo cha watoto wachanga, hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi, shamba la mahindi, mifugo, karakana ya nguo. Wanafunzi walifanya mitihani ya London, lakini pia walisomeshwa somo la maendeleo ya jamii na historia ya mapambano, mambo ambayo shule za kwao zisingethubutu kuyafundisha. Tambo alikuja kuizindua rasmi tarehe 22 Agosti 1985, kazi ikiwa imekwisha kufanyika kwa miaka saba.

Majina ya mahali yalichaguliwa kwa makusudi. Kituo cha watoto kilipewa jina la Charlotte Maxeke, mwanamke wa kwanza mweusi wa Afrika Kusini kupata shahada ya chuo kikuu. Kiwanda cha samani kilipewa jina la Vuyisile Mini, mwana wa vyama vya wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Novemba 1964. Mini alizikwa na serikali kwenye makaburi ya maskini, bila alama, na ilikuwa mwaka 1998 ndipo mabaki yake yalipofukuliwa na kurudishwa Port Elizabeth. Mtu aliyekuwa akichonga kiti Mazimbu mwaka 1983 alikuwa akifanya kazi chini ya jina la mtu ambaye familia yake haikuwa na kaburi la kupalilia.

Hapo ndipo ninapoelewa kwa nini mazishi yalikuwa mambo mazito sana Mazimbu. Serikali ya makaburu ilikuwa inamiliki hata maiti. Ilinyonga, ikafukia inapotaka, na mzazi akapewa taarifa. Uhamishoni, angalau, wafu walikuwa wa watu wao. Jeneza lilifunikwa bendera nyeusi, kijani na dhahabu, kwaya iliimba, risala ilisomwa, na aliyekufa alipewa heshima ya mpigania uhuru hata kama alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeondoka na homa.

Homa ndiyo iliyowaondoa wengine. Kijana aliyezaliwa Johannesburg, kwenye mwinuko mkavu usio na mbu wa malaria, anashuka Morogoro wakati wa masika hana kinga yoyote mwilini. Ajali za barabarani nazo zilichukua wengi. Walikuwepo wazee waliokuja wakiwa wamechoka, wagonjwa wa akili waliovunjwa na mateso ya jela au na upweke, na watoto wachanga. Lakini kwa kulinganisha, Mazimbu ilikuwa salama. Makomandoo wa Afrika Kusini walishambulia Matola, Msumbiji, Januari 1981. Maseru waliua watu 42 usiku mmoja wa Disemba 1982, wakiwemo Wasotho 12 waliokuwa wamelala majumbani mwao. Gaborone ilifuata Juni 1985. Tanzania ilikuwa mbali mno kufikiwa kwa urahisi, na ndiyo maana akina mama, watoto na wanafunzi waliletwa huku.

Ukitaka kuyaelewa makaburi hayo lazima kwanza uelewe namna mtu alivyoingia Mazimbu. Kijana alipofika aliketishwa na karatasi na kalamu. Aliandika maisha yake: alikozaliwa, wazazi wake, shule aliyosoma, aliyemshawishi kutoka, njia aliyopita, nani alikuwa naye. Wakubwa walisoma, wakamwita, wakamuuliza tena, kwa kuwa katika kila kundi huenda kulikuwa na mmoja aliyetumwa na polisi wa makaburu. Akimaliza, alichagua jina jipya. Hilo ndilo aliloitwa darasani, bwenini, bwaloni, zahanati na kwenye orodha ya chakula. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye ile karatasi na kufungiwa kabatini. Ilikuwa hatari kulitamka: ndugu waliobaki Soweto au Langa wangeweza kukamatwa kwa ajili yake. Watu waliolala chumba kimoja miaka mitatu hawakujuana kwa majina ya kweli.

Jirani wa Mazimbu alimjua kijana huyo kwa jina hilohilo la njiani. Akifa, alililiwa kwa jina hilo. Barua haikuweza kwenda moja kwa moja nyumbani kwao, maana barua yenye stempu ya Tanzania ilikuwa ushahidi mahakamani. Kwa hiyo kulikuwa na mama huko Port Elizabeth aliyekaa miaka 10 akimsubiri mwana ambaye wanawake wa Mazimbu walikwisha kumlilia.

Tusidanganyane kwamba ujirani wote ulikuwa wa raha. Mji ule mpya ulikuwa na umeme, magari, matibabu na nguo za misaada, katikati ya miaka ya uhaba, wakati Watanzania tulikuwa tunapanga foleni kwa kilo ya sukari na kipande cha sabuni. Mamia ya wenyeji waliajiriwa ujenzi, shambani na jikoni, na palipo na ajira pana malalamiko ya mishahara, wizi, na kijana mgeni anayemsemesha mtu mzima vibaya. Hospitali, hata hivyo, ilipokea wagonjwa wa vijiji vya jirani, na kuna watu wazima Morogoro leo waliozaliwa mikononi mwa wakunga wa ANC.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 12 Aprili 1984. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenye Bunge kuelekea Dar es Salaam. Dakawa, kilomita kama 50 kabla ya Morogoro, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na kijana wa Afrika Kusini, mmoja wa wakimbizi wa ANC. Sokoine akafariki. Waliokuwa watu wazima siku ile wanaukumbuka ule msiba. Nchi ilisimama. Alikuwa kipenzi cha wanyonge, mtu aliyewabana walanguzi, na watu walikuwa na maswali. Nchi nyingine ingeweza kuwafukuza wageni wote ndani ya wiki, na ningeelewa ghadhabu yake. Tanzania haikufanya hivyo. ANC ilibaki Mazimbu, na ikabaki hata Dakawa penyewe, kwenye makazi makubwa ambayo Serikali ilikwisha kuwapa mwaka 1982. Julai ya mwaka huohuo kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro kikawa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Sokoine. Mwanafunzi wa leo anayevaa kitambulisho chenye jina la Sokoine na kusoma kwenye kampasi yenye jina la Mahlangu amebeba majina mawili ambayo barabara ile ya Dodoma iliyaunganisha kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Ninatamani hilo lingefundishwa wiki ya kwanza kwa kila anayeripoti pale.

Tarehe 11 Februari 1990 Mandela alitoka gerezani, na watu wa Mazimbu wakaanza kufunga mizigo. Tarehe 9 Julai 1992 ANC iliikabidhi Serikali ya Tanzania Mazimbu yote na Dakawa, Tambo akiwepo, mgonjwa, akiwa na chini ya mwaka mmoja wa kuishi. Walikabidhi majengo, mashamba na samani. Nyaraka walizisafirisha hadi Chuo Kikuu cha Fort Hare, mjini Alice. Wafu walibaki.

Viongozi wa Afrika Kusini wamekuwa wakija tangu wakati huo. Rais Cyril Ramaphosa alifika Mazimbu Agosti 2019. Tangu 2021 nchi yake ina sera ya taifa ya kurudisha mabaki ya watu wake waliofia ugenini, na mwishoni mwa Septemba 2024 mabaki ya wapigania uhuru 42 yalirejeshwa kutoka Zambia na Zimbabwe, akiwemo Duma Nokwe, aliyekuwa katibu mkuu wa ANC na kufariki Lusaka mwaka 1978. Miaka tisa kabla ya marejesho hayo, wapigania uhuru wenzake Moses Kotane na J.B. Marks walikuwa wamerudishwa kutoka Moscow. Kwa mwendo huo, ni jambo la kutegemea kwamba majembe yatafika Morogoro.

Sina pingamizi na mama anayemtaka mwanawe. Mtu aliyesubiri tangu 1976 asiambiwe asubiri zaidi kwa kuwa sisi tumeyazoea makaburi. Ila ningependa jambo hilo lifanywe kama misiba inavyofanywa kwetu, kwa kukaa na majirani kwanza. Waluguru wanaoishi chini ya mlima ule hawafukui mtu bila wazee kuitwa na tambiko kufanywa, na waliolitunza eneo hilo kwa zaidi ya miaka 30, wakafyeka nyasi na kuzuia mifugo, hawapaswi kusikia habari hizo redioni. Kaburi likifunguliwa, jiwe lake libaki Mazimbu, na jina la njiani na jina la kuzaliwa yaandikwe pamoja juu yake.

Kuna jambo linalonigusa kuliko mifupa. Wanaume wa SOMAFCO na Dakawa walioa Morogoro, au waliishi na wanawake wa Morogoro bila kuoa, na walizaa. Mwaka 1991 na 1992 ndege zilipoanza kuwarudisha, baadhi ya wake na watoto walikwenda nao. Wengine waliachwa kwa ahadi ya kutumiwa nauli. Watoto hao sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na wengi wanapoulizwa baba yako ni nani hutaja jina la njiani. Nenda nalo ubalozini, halimo kwenye daftari lolote la vizazi la Afrika Kusini. Baba anaweza kuwa hai, na amerudia jina lake la kuzaliwa, na mwanawe hana namna ya kumtafuta.

Karatasi zinazounganisha majina hayo mawili ni zilezile: wasifu ulioandikwa siku ya kwanza, orodha za shule, daftari za hospitali. Ndizo zitakazohitajika kumtambua aliyelala Mazimbu kabla hajapelekwa kwao, na kikosi cha Afrika Kusini cha kutafuta watu waliopotea, kilichoundwa mwaka 2005, kina uzoefu wa kuzisoma nyaraka za namna hiyo. Kazi ya kuwatafutia wafu jina itakapoanza, yafunguliwe na maombi ya walio hai. Iwekwe meza moja kwenye kampasi ya Solomon Mahlangu, na ofisa mwenye orodha, na tangazo kwa Kiswahili lipelekwe kwenye misikiti, makanisa na ofisi za kata kuanzia Mazimbu hadi Dakawa, ili aliyeachiwa jina la njiani peke yake aje aliandikishe.